Kompyuta ya ofisi iwe ya gemu: piga hesabu kabla ya kununua kadi

Kosa linalokula fedha nyingi ni kununua kadi ya picha kwanza, kisha kuitafutia mashine. Kadi ina madai yake: umeme, nafasi ndani ya kasha, aina ya waya wa skrini. Kila dai usilolijua mapema utalilipia baadaye. Anza na pawa saplai, yaani kile kisanduku cha umeme ndani ya mashine.

Mashine zinazofaa kwa kazi hii ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, zile zilizojaa madukani Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Tafuta yenye prosesa ya Core i5-8500: ina kori 6, yaani viini 6 vya kufanya kazi kwa pamoja, na Windows 11 inapokea rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Yenye i5-6500 au i5-7500 bei yake iko chini, lakini ni kori 4, na Windows 10 iliyozoeleka humo iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiweza kupata kasha pana la kusimama, lichukue badala ya lile jembamba. Kasha jembamba linapokea kadi za nusu kimo tu, na hizo ni adimu na bei yake hupanda kwa sababu hiyo hiyo.

Mwombe muuzaji afungue kifuniko, usome lebo ya pawa saplai. OptiPlex 7060 jembamba ina wati 200. Usijiambie utabadilisha baadaye: plagi inayoingia kwenye ubao wa mashine hizi si ile ya kawaida ya ATX, kwa hiyo utahitaji waya wa kugeuzia, na kwenye kasha jembamba pawa saplai ya kawaida haiingii kabisa. Tundu la PCIe, lile linalochomekwa kadi, lenyewe linatoa wati 75 na si zaidi. Hapo ndipo orodha ya kadi inapokuwa fupi.

GTX 1650 ya GB 4 inatumia wati 75, ila baadhi ya matoleo yaliyoongezwa kasi kiwandani yana tundu la waya wa umeme wa pini 6, hayo yaache. RTX 3050 ya GB 6 inatumia wati 70 na ndiyo bora kati ya hizi. Soma boksi kwa makini, maana RTX 3050 ya GB 8 ina jina lile lile lakini inataka wati 130 na waya wake. RX 6400 inatumia wati 53 tu, lakini imeunganishwa kwa njia 4 za PCIe. Kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 hupungua kasi, hasa memori yake ya GB 4 inapojaa.

Muuzaji akikuambia kuna adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, kwenda pini 6, kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki huyeyuka, na moto ukianza hapo kadi ndiyo hasara ndogo.

Kabla ya kulipa, endesha GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Kuna kadi za zamani sana zilizoandikwa upya programu zake za ndani zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z hutambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Kisha washa FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa kazi nzito, dakika 15. Madoa ya rangi, skrini kuzima, au feni kukwama: rudisha. Angalia na skrini yako pia. Kadi hizi hazitoi VGA, kwa hiyo monita ya zamani itadai kigeuzi chenye saketi yake, si kebo tupu.

RAM iwe vipande 2 vya GB 8, si kimoja cha 16, ili prosesa isome memori kwa njia mbili kwa pamoja. Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, baada ya viwanda kuelekeza memori kwenye vituo vya data vya akili unde. Kwa hiyo mashine inayouzwa ikiwa na GB 16 tayari inastahili kulipiwa zaidi kidogo.

Umeme nao uhesabu. Wati 200 pamoja na skrini, saa 4 kwa siku, ni yuniti 24 kwa mwezi.

Sasa pedi. Pedi ya PS4 ya mtumba inatosha kabisa kwa gemu za mpira, na Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, inaitambua. Mashine nyingi za ofisi hazina Bluetooth, kwa hiyo tumia waya wa micro-USB, lakini uwe wa data. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazipitishi data, na watu hutupa pedi nzima kwa sababu ya waya. Ipime kwa kuandika joy.cpl kwenye Windows: zungusha kijiti hadi ukingoni, kiachie ghafla, fanya hivyo mara 10 kila upande. Alama isiporudi katikati, vipimio vya ndani vina vumbi au vimelika. Spiriti ya aisopropili husaidia kama tatizo ni vumbi. Kama kaboni ya vipimio hivyo imelika, dawa ni kubadilisha kijiti, na hiyo ni miguu 14 ya kulehemu kwa kila kimoja. Uliza fundi bei yake kabla ya kufurahia pedi ya bei chee. Pedi mpya yenye vijiti vya sumaku, kama zile za 8BitDo au GameSir, haina msuguano wa kula kaboni, na kwa mchezaji wa kila siku ndiyo nafuu ya kweli.

Kipanya nunua kipya. Cha ofisi huripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Cha gemu kama Logitech G102 huripoti mara 1,000. Cha mtumba mara nyingi kina ugonjwa wa kubofya mara mbili kwa kubonyeza mara moja, nao hauonekani dukani mpaka ukibofye mara nyingi mfululizo. Kibodi yoyote nzima inatosha.

Usukani uache mwisho. Wa bei ndogo huzunguka nyuzi 180 au 270 na hurudishwa na mpira au springi, hivyo mikono yako haihisi gari likiteleza. Logitech G29 huzunguka 900 na ina mota, lakini ukiukuta wa mtumba hakikisha adapta yake ya umeme ipo, na pedali ya breki inakanyagika bila thamani yake kwenye skrini kurukaruka.