Kupima joto la kugeuka kwa waya ya nitinoli, ukiwa Lamu

Nitinoli ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani: ukiikunja ikiwa baridi, hurudi kwenye umbo lake ikipashwa joto. Kabla ya kununua waya, uliza Af yake, yaani joto ambalo waya huwa imekwisha kurudi kwenye umbo lake la asili. Waya ya Af 20 haikufai hapa. Hewa ya Lamu mchana wa Kaskazi hufika nyuzi 30, kwa hiyo waya hiyo imekwisha kugeuka ikiwa bado kwenye pakiti. Ukiikunja inaruka kama springi, basi. Chukua ya Af 45 hadi 60.

Kata sentimita 10 za waya ya kipenyo cha milimita 0.5. Utahitaji pia paipu ya plastiki yenye kipenyo cha nje cha milimita 20, beseni la lita 3, rula ya plastiki, kipimajoto na barafu.

Anza na kipimajoto. Lamu iko usawa wa bahari, hivyo maji matamu yanayochemka yasome 100 (Nairobi yangesoma karibu 94). Barafu iliyopondwa katika maji matamu isome 0. Usitumie barafu iliyokwisha kulazwa samaki: ina chumvi na itakudanganya.

Zamisha waya na paipu kwenye barafu dakika tano, kisha izungushe waya kwenye paipu nusu mzunguko, mikono ikiwa humo humo ndani ya baridi. Mkunjo huo ni 0.5 ÷ 20.5, yaani asilimia 2.4. Ukipita asilimia 8 hairudi yote, kwa hiyo koleo na kona kali weka mbali. Waya ikikataa kukaa ilivyokunjwa, haijapoa vya kutosha: changanya chumvi sehemu moja na barafu sehemu tatu.

Sasa laza waya juu ya rula ndani ya lita moja ya maji ya nyuzi 15. Joto lipande kama nyuzi moja kwa dakika, na jiko la makaa haliwezi upole huo. Mimina maji yanayochemka kwa kijiko cha mezani: kimoja (mililita 15) kila dakika, na viwili ukipita 45. Mimina mbali na waya, koroga, kisha andika umbali kati ya ncha mbili. Ukiharakisha, kipimajoto kitabaki nyuma na majibu yatakuwa ya uongo.

Chora grafu ya umbali huo kwa kila joto. Pale mstari wa mwanzo uliolala unapokutana na mwinuko ni As, joto ambalo waya huanza kurudi. Mwinuko unapokutana na mstari wa juu ni Af. Mwinuko ukija kwa hatua mbili, usidhani umekosea. Nitinoli nyingine hupitia awamu ya kati iitwayo R.

Waya ikipoa haitajikunja tena yenyewe. Ukitaka kuona upande wa kupoa lazima uning'inize uzito, na uzito huo huo unapandisha joto la kugeuka: kilo 2 kwenye waya hii ni kama megapaskali 100, karibu nyuzi 15 za nyongeza. Kila namba iandikwe pamoja na uzito wake.

Kwa nini joto lifanye kazi hii? Atomi ni kama mafundo ya wavu, na wavu hautulii, unatetemeka. Katika metali za kawaida baridi hukaza mitetemo. Katika aloi hizi, baadhi ya mitetemo ya kukwaruzana kwa matabaka hulegea kadiri zinavyopoa, mpaka matabaka yanateleza na fuwele, yaani mpangilio wa atomi, inabadilika kutoka austenaiti (umbile la joto) kwenda martensaiti (umbile la baridi). Ukipasha joto, mtetemo huo mlegevu ndio unaoipendelea austenaiti.

Hilo limeonekana wazi zaidi katika Ni2MnGa, aloi ya nikeli, manganizi na gali, ndugu ya nitinoli mwenye sumaku, kwa kupimwa kwa nyutroni: kuna mtetemo mmoja unaolegea kabla ya kugeuka, na usumaku huongeza ulegevu huo. Aloi yenye uwiano kamili (atomi mbili za nikeli kwa moja ya manganizi na moja ya gali) hugeuka chini sana, karibu nyuzi −70, hivyo Lamu ingebaki austenaiti na sumaku isingeibadilisha umbo. Nunua iliyoongezwa nikeli au manganizi, iwe martensaiti kwenye nyuzi 35. Hiyo usiikunje kwenye paipu, itakatika. Ibane taratibu kwa urefu wake, kisha iletee sumaku kwa upande.