Kutandika sakafu ya kuelea kwenye chumba chenye dirisha linalofika chini

Nimetoka kumsaidia rafiki kutandika mbao za lamineti kwenye sebule yake, ambayo ina mlango wa kioo upande mmoja mzima. Maswali aliyokuwa akiuliza ndiyo yamenifanya niandike mwongozo huu. Sakafu ya kuelea haigundishwi chini wala haipigiliwi misumari. Mbao hushikana zenyewe kwa ulimi (ukingo uliochomoza) na mfuo (mfereji unaoupokea), na sakafu yote inalala juu ya foamu ikiwa kitu kimoja. Hewa ikiwa na unyevu sakafu hutanuka, ikikauka hunywea. Kwa hiyo lazima iachwe huru pande zote, na upande unaosahaulika ni wa dirisha.

Hatua ya 1: Dirisha kabla ya mbao

Mwagia maji dirisha kwa nje, hasa kwenye kizingiti, kisha ingia ndani upapase kona mbili za chini. Ukikuta unyevu, usiendelee hadi pazibwe. Kiini cha lamineti ni nyuzi za mti zilizogandamizwa, na zikinywa maji kingo huvimba na hazirudi tena. Angalia pia vitundu vya kutolea maji kwenye fremu. Mara nyingi huzibwa kwa plasta, na maji yakikosa njia ya kutokea nje yanakuja ndani.

Hatua ya 2: Zege

Likauke kabisa, kisha weka rula ya mita 2 kila upande. Bonde likizidi milimita 3, jaza, kilima, saga. Foamu haisawazishi zege bovu.

Hatua ya 3: Nailoni na foamu

Nailoni ya milimita 0.2, vipande vipandiane sentimita 20. Juu yake foamu ya milimita 2 au 3, tabaka moja tu. Wapo wanaoweka mbili ili sakafu iwe laini mguuni. Mimi napinga kabisa, kwa sababu ubao unaobonyea kila unapokanyagwa huvunja ulimi wake.

Hatua ya 4: Mbao zipumzike

Saa 48 ndani ya chumba hichohicho, zimelazwa, pakiti hazijafunguliwa.

Hatua ya 5: Safu

Tandika kufuata mwanga unavyoingia dirishani. Maungio hayataonekana sana. Gawanya upana wa chumba kwa upana wa ubao kwanza. Safu ya mwisho ikitoka chini ya sentimita 5, punguza ile ya kwanza. Maungio ya ncha yapishane sentimita 30 au zaidi. Kabari za kushikilia nafasi zikae ukutani pande zote.

Ukubwa wa nafasi ya ukutani: mimi hukadiria milimita 1.5 kwa kila mita ya chumba, na sishuki chini ya 10 hata kwenye chumba kidogo.

Hatua ya 6: Dirishani

Hapa ndipo kazi inapokula muda. Ukutani nafasi inafichwa na skatingi (ubao mwembamba wa chini ya ukuta), lakini mbele ya mlango wa kioo hakuna ukuta, kwa hiyo watu hubana mbao hadi kwenye fremu ili papendeze. Sehemu hiyohiyo ndiyo inayopigwa na jua moja kwa moja. Mbao zikitanuka zinakosa pa kwenda, na sakafu inainuka katikati ya chumba, mbali na kosa lenyewe. Acha nafasi ileile uliyoacha kwingine.

Kabla ya kukata chochote, pima kimo. Foamu na ubao pamoja huweza kufika milimita 10 au 11, na juu yake utaongeza profaili, yaani kipande chembamba cha kufunika nafasi. Mlango unaofunguka kwa ndani unaweza kukwaruza. Pima karibu na bawaba na pia pale ncha ya mlango inapofika ukiwa wazi, maana zege linaweza kuwa limepanda huko.

Safu ya mwisho mbele ya fremu haigongeki kwa nyundo. Tumia chuma chenye ncha iliyopinda cha kuvutia ubao. Kama hata hicho hakiingii, punguza kwa patasi ule mdomo wa chini wa mfuo, paka gundi nyeupe ya mbao, na usukume ubao ukiwa umelala. Gundi hiyo inaunganisha ubao na ubao tu. Isiguse zege wala fremu.

Kwenye kona za ukuta unaozunguka dirisha, chora umbo kwenye kadibodi kwanza, kisha ulihamishie kwenye ubao. Nafasi iwepo hata ndani ya kona. Kona moja iliyobana inatosha kuishika sakafu nzima.

Kufunika nafasi, chaguo langu ni profaili ya aluminiamu yenye umbo la L, iliyogundishwa kwenye fremu kwa gundi inayovutika, huku ukingo wake ukilala tu juu ya mbao. Usipige skrubu kupitia mbao hadi kwenye zege, maana hapo umeisimamisha sakafu. Usitoboe fremu pia, kwa kuwa ndani yake zinapita njia za maji. Pasipo nafasi ya profaili, sukumia kamba ya foamu chini kisha uzibe juu kwa silikoni inayobaki laini. Kamba inaizuia silikoni isishike chini, hivyo inaweza kuvutika pande mbili. Silikoni peke yake, iliyojazwa hadi kwenye zege, siikubali.

Hatua ya 7: Kumalizia

Toa kabari zote, ukianzia za dirishani kabla profaili haijazifunika. Skatingi ipigiliwe ukutani, kamwe si kwenye sakafu. Makabati ya kujengea yasimame juu ya zege, na mbao ziishie mbele yake kwa nafasi ileile.