Saa 72 za Kuwahi VVU Kabla Havijajificha

Kondomu imepasuka, umebakwa, au umechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwingine? Tazama saa. Dawa za kinga, PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na saa ya 2 ni bora kuliko ya 70.

Haraka hiyo ina sababu. Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, moja ya seli za kinga ya mwili, hugeuza RNA yake, yaani vinasaba vyake, kuwa DNA, kisha kimeng'enya cha integrasi huipachika katikati ya vinasaba vya seli. Seli nyingi zilizoambukizwa hufa baada ya siku chache. Chache hunusurika, zikatulia kuwa seli za kumbukumbu zenye kirusi kilicholala. Kwa kuwa hazitoi virusi, kinga ya mwili haizitambui, na ARV, ambazo huzuia virusi kuzaliana, hazina cha kuzuia humo. Kwa nyani walioambukizwa SIV, kirusi cha nyani kinachofanana na VVU, maficho hayo yalikutwa hata pale dawa zilipoanzwa siku ya 3, virusi vikiwa bado havionekani kwenye damu.

Kituoni utapimwa VVU, figo na homa ya ini B, lakini dozi ya kwanza isisubiri majibu. Mchanganyiko wa kawaida ni tenofovir miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravir 50, mara moja kwa siku, siku 28 bila kuruka. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au alumini hunasa dolutegravir tumboni isifyonzwe: meza dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Kichefuchefu kikikusumbua, meza na chakula. Pima tena wiki ya 4 hadi 6, na ya 12.

Saa 72 zikishapita, kisha ukapata homa, mitoki na vipele ndani ya wiki 2 hadi 4, usiridhike na kipimo cha haraka cha kingamwili. Kinaweza kuchukua hadi siku 90 kuonyesha maambukizi. Omba kipimo cha RNA, ambacho huyaona kati ya siku ya 10 na ya 33. Ukikutwa na VVU, anza ARV siku hiyohiyo: maficho yatakuwa madogo, ingawa hayataisha. Mtoto wa Mississippi, Marekani, alianzishwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Zilipokatishwa, virusi vilikaa kimya miezi 27, kisha vikarudi. Seli hizo za maficho hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, ndiyo maana kidonge hakiachwi hata majibu yakisema virusi havionekani.