Losheni kwenye kiwiko, viatu saa kumi na moja jioni

Mimi ni mhudumu wa chakula hotelini, hapa Dodoma mjini. Bunge la bajeti linaanza Aprili mvua zikiwa bado zipo. Likifika Juni upepo wa vumbi umeshashika mji, na sisi tumesimama tangu chai ya asubuhi mpaka sahani ya mwisho ya usiku. Kazi inadai mikono isiyopauka na viatu vyeusi vya kufunika. Mshahara hauruhusu kubahatisha, kwa hiyo wasichana wapya wakiletwa kwangu nawafundisha hivi.

Tuanze na mafuta. Losheni nyepesi inayomtosha mtu wa Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina unyevu, huku kwetu ikifika saa nne asubuhi umeshapauka kama hukupaka kitu. Tafuta kizito: mafuta ya mgando, au mafuta ya ubuyu yaliyokamuliwa kwenye mbegu, maana mibuyu hatujanyimwa. Ila usiyapake kwenye ngozi iliyokauka. Mafuta hayaleti maji mwilini, yanayazuia yasitoke. Ukimaliza kuoga jifute nusunusu, upake ngozi ikiwa bado mbichi. Gliserini nayo ni nzuri na bei yake haiumi, lakini usiipake tupu. Kazi yake ni kuvuta maji, na hewa ya Julai ikiwa haina maji ya kuvutwa, itayavuta yaliyo ndani ya ngozi yako. Izimue na maji, kisha funika na mafuta ya mgando.

Kabla kitu kipya hakijafika usoni, kipake kidogo ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, pale pale, kwa wiki nzima. Kuna ngozi zinazokataa kitu siku ya nne au ya tano, wakati mwenyewe umeshamsifia muuzaji. Na jaribu kimoja kimoja. Ukibadilisha sabuni na losheni kwa pamoja, vipele vikitoka hutajua mchawi ni nani. Poda ipake kwenye taya, halafu toka nje ya duka ujitazame juani, kwa sababu taa za dukani zinapendezesha kila mtu. Rangi ya mdomo ya kujaribishia wateja imeshapita midomo ya mji mzima. Ichore mkononi tu.

Geuza kopo usome. Ule mchoro wa kikopo kilichofunuliwa, wenye 6M au 12M, ni miezi ya kutumia tangu siku ulipokifungua, kwa hiyo andika tarehe chini kwa kalamu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango. Zamani vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Krimu zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na ile inayopimwa kwenye kikopo kisicho na jina, ukaambiwa utang'aa ndani ya wiki, iache hata ukipewa bure.

Kwapani natumia shabu. Ilowanishe, sugua kwapa safi, basi. Jasho litatoka kama kawaida, harufu ndiyo inayopungua. Usiipake ukiwa umetoka kunyoa, utaruka. Limao sishauri kabisa: juisi yake ikikutana na jua inaunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Sasa miguu. Magaga yashughulikie kabla ya kununua viatu, kwani kisigino kilichopasuka kitauma hata ndani ya kiatu cha malaika. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, kausha vizuri katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando kisiginoni na ulale na soksi za pamba. Katikati ya vidole usipake. Fangasi wanapenda mahali penye unyevu. Yakigoma, ulizia famasi krimu yenye urea. Mwenye kisukari asijisugue mwenyewe, aende kliniki.

Viatu nanunua jioni, kuanzia saa kumi na moja, nikitoka zamu ya asubuhi. Mguu uliosimama kutwa umevimba kidogo, na huo ndio mguu utakaovaa kiatu. Beba soksi unazovaa kazini. Jaribu miguu yote miwili, kwa sababu mmoja huwa mkubwa kidogo, na huo mkubwa ndio wa kusikilizwa. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba. Namba isikutawale: 39 ya Ulaya ni kama 6 ya Uingereza, na kwa viatu vya kike vya Marekani inasogea mpaka 8, tena kila kiwanda na vipimo vyake. Ukimwagiza mtu soko la Sabasaba akuletee mtumba, kanyaga karatasi ngumu, chora unyayo, kata, mpe. Karatasi ikijikunja ndani ya kiatu, akirudishe mezani.

Kishike kiatu, kikunje. Kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, nyayo zitakulaani. Nyuma ya kisigino bonyeza, pawe pagumu. Kwenye mtumba kuna mtego mwingine: soli za povu zilizokaa stoo miaka mingi huoza zenyewe hata kama kiatu hakijavaliwa. Juu kinang'aa, wiki ya pili soli inamomonyoka ukiwa na trei ya supu mkononi. Bonyeza soli kwa kucha; ukiona vumbi au nyufa, mwachie mwenyewe. Muuzaji atasema, "Dada, kitalegea tu ukikivaa." Ngozi halisi inalegea kidogo upande wa upana, urefu hauongezeki kamwe, na plastiki hailegei chochote.

Dukani pameandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Omba hata hivyo, kwa adabu, nafasi ya kukirudisha kesho yake kikiwa safi. Wengine hukubali. Ukifika nyumbani, kivae juu ya mkeka ukipika na kuosha vyombo, nje usitoke nacho.

Kikikufaa, kabla hujakitia vumbi kipeleke kwa fundi viatu ashone soli kuzunguka, vyote viwili, maana gundi peke yake haivumilii joto la Novemba. Na ukipata hela nunua jozi ya pili, upokezane, ili ile ya jana ikauke jasho.