Flashi moja haitoshi: kuhifadhi mafaili kwa mtu wa Tanga

Kabla ya kununua chochote, hesabu nakala. Picha zikiwa kwenye flashi tu, na kwenye kompyuta umeshazifuta ili upate nafasi, maana yake mali yote inaning'inia kwenye funguo za bodaboda. Nakala ziwe tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi au eksteno (diski ya nje ya kuchomeka), na ya tatu nje ya nyumba hiyo. Mkazi wa Makorora aipeleke kwa ndugu yake Chumbageni, au aipandishe mtandaoni. GB 15 za bure za Google zinatosha vyeti na hati za viwanja za ukoo mzima, ila video za harusi hazitaenea, na bando litalia.

Flashi mpya ipimwe ikiwa tupu. Ukiona TB 2 kwa bei ya kutupa, ujue chipu ndogo, pengine ya GB 8, imepangwa iidanganye kompyuta. Mafaili ya mwanzo huingia vizuri. Yanayozidi ukubwa halisi utayaona majina yake, lakini hayafunguki: hayakuandikwa popote, au yamepanda juu ya yale ya mwanzo. Tumia H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux au Mac. Programu hizi huijaza flashi yote kisha huisoma upya. Flashi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde huchukua kama dakika 53 kujaa, bado kusomwa. Tenga saa moja na nusu. Ila Windows ikionyesha 29.8 badala ya 32, usimgombeze muuzaji. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows hugawa kwa 1,024 mara tatu.

Kisha ifomati kwa exFAT, yaani mpangilio wa kupanga mafaili ndani ya flashi. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini huja na FAT32, mpangilio wa zamani ambao haupokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata nafasi iwe tele. Ndiyo maana video ya harusi ya GB 6 inakataliwa na flashi isiyo na kitu. Kwa redio ya gari, iache FAT32. Nyingi hazisomi exFAT.

Wakati wa kuhamisha, nakili (copy), usikate (cut). Umeme ukizimika katikati ya kukata, faili linaweza kuwa limeshaondoka huku na kule halijatua sawasawa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ndiyo ya kuogopwa zaidi; laptopu yenye betri nzima ina nafuu.

1. Chomeka kwenye tundu la bluu kama lipo. Kwa kawaida hilo ni USB 3, na flashi ya USB 3 itakwenda mbio zaidi humo.
2. Kwa folda kubwa, fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) uandike: robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /FFT /R:2 /W:5. Badili Kazi iwe jina la folda yako, na herufi ya E:\ kulingana na flashi yako. Ukirudia kesho, itanakili vilivyoongezeka au kubadilika tu. Usiweke /MIR kama hujui unachofanya: hufuta kwenye flashi kila kisichokuwepo kwenye kompyuta.
3. Fungua mafaili kadhaa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Video isogeze hadi dakika za mwisho. Nakala iliyokatika hufia huko.
4. Bofya alama ya kuitoa, ngoja taa iache kupepesa, ndipo uchomoe. Mstari wa kuonyesha kunakili unaweza kujaa wakati data nyingine bado ipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Steshenari nenda na flashi nyingine, ndogo, yenye PDF ya kuchapisha tu. Ile ya akiba isitoke nyumbani. Kompyuta inayochomekwa flashi za watu hamsini kwa siku haikosi virusi. Ukikuta folda zako zimegeuka njia za mkato (shortcut) zenye KB moja au mbili, usizibofye. Skani kwanza kwa antivairasi, kisha kwenye dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ili folda halisi zilizofichwa zijitokeze, na ufute zile njia za mkato.

Hewa ya bahari nayo ina lake. Angalia ndani ya kichwa cha flashi: vile vibamba vinne vya rangi ya dhahabu vikianza weusi au ukijani, flashi itashika na kuachia. Futa taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke kabisa. Itunze kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila miezi sita ichomeke ufungue mafaili, kwani chaji inayoshika data ndani ya chipu huvuja polepole miaka ikipita.

Na siku kompyuta ikikuomba uifomati flashi ambayo jana ilifunguka, kataa. Jaribu tundu lingine na kompyuta nyingine. Isipofunguka, tumia programu ya PhotoRec kuokoa mafaili, na uyahifadhi kwenye diski nyingine. Ukiyarudisha kwenye flashi ileile utafunika yale ambayo hayajaokolewa.