Kutega Kunguru wa India Kandokando ya Msitu wa Hifadhi

Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, na tangu hapo amesambaa pwani yote, akila mayai na makinda ya ndege wa asili. Msituni huingilia upande wenye makazi ya watu, na hapo ndipo pa kumtegea.

Hatua ya kwanza ni kupata kibali cha mamlaka ya wanyamapori, kisha kuhakikisha kila msaidizi anamtambua ndege mwenyewe. Huyu ana shingo ya kijivu. Kunguru wa kwetu ni mkubwa zaidi, ana kifua na ukosi mweupe, naye haguswi.

Pili, fukia au funika majalala yaliyo karibu, kwani palipo na taka za bure mtego hauna mvuto.

Tatu, unda kizimba cha mbao na wavu wa waya, chenye kimo cha mtu kusimama. Kwenye paa acha mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, kwa kanuni ileile ya dema la wavuvi.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Kunguru humwamini mwenzake anayekula kuliko nyama iliyowekwa tu, kwa hiyo tia ndani kunguru wawili au watatu wa chambo, uwape maji, kivuli, kijiti cha kutulia na matumbo ya samaki kila asubuhi. Husemwa kwamba kunguru hafugiki, lakini hawa itakubidi uwafuge vizuri, maana wakinyong'onyea hakuna atakayeshuka.

Tano, kagua mtego kila siku na kumwachia ndege yeyote asiyehusika. Waliokamatwa watolewe baada ya giza kuingia, kundi likiwa limekwenda kulala, na wauawe haraka kwa njia uliyofundishwa na daktari wa mifugo. Niliwahi kuwatoa saa sita mchana, wenzao wakitazama kutoka mnazini, na kwa wiki kadhaa walizunguka kizimba bila hata mmoja kutua. Sumu waachie wataalamu wenye leseni.

Mwisho, ondoa viota vyenye mayai, ambayo kwa kawaida huwa 3 hadi 5, na urudi kwenye mti uleule kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa hujenga upya. Vaa glavu, kwani kiota chake mara nyingi husukwa pamoja na vipande vya waya.