Usinunue TIG kwa namba iliyoandikwa ubavuni

Mashine yangu ya kwanza ya kuchomelea chuma kwa TIG, yaani kwa mwali wa umeme na gesi, niliinunua kwa sababu ya namba moja tu: 200, iliyoandikwa kwa wino mwekundu ubavuni. Nilidhani ampea nyingi ndizo mashine nzuri. Nilikaa nayo miezi minane na sikuwahi kupita 100. Kazi zangu zilikuwa chuma cha milimita 1.5 na mabomba membamba, na chuma cha kawaida kinataka takriban ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Piga hesabu ya kazi unazozikusudia kabla hujatoa pesa.

Kilichonitesa ni kuwasha. Ile mashine ilikuwa ya kukwaruza: unasugua ncha ya tangsteni, kijiti cha metali ngumu kinachotoa mwali, kwenye chuma kama unayewasha kiberiti, ndipo mwali utoke. Kila nilipokwaruza, ncha ilinasa. Ukiing'oa, kipande chake kimebaki ndani ya kazi, nayo imeondoka na kidonge cha chuma mwishoni. Ukiwasha tena, mwali unayumba pembeni badala ya kukaa pale unapoutaka. Basi unazima, unafungua tochi (mkono unaoishika ncha), unainoa upya kwenye grinda, unaifunga, unaanza tena. Kuna siku nilinoa mara ishirini nikachomelea shibiri moja. Anayejifunza hapaswi kupitia hayo, kwa sababu anaishia kujifunza kunoa tu, mkono haupati nafasi ya kuzoea.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni: inawashwaje? Ya kukwaruza iache, hata iwe na bei rahisi namna gani. Ya kuinua inafaa: unagusisha ncha, unabonyeza swichi, unainua polepole na mwali unafuata, maana wakati ncha imegusa mashine inatoa umeme mdogo mno usioweza kuinasisha. Iliyo bora ni ya HF (umeme wa masafa ya juu), ambayo cheche inaruka yenyewe bila ncha kugusa chuma. Mfuko ukiruhusu, chukua hiyo.

Swali la pili, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: inashuka hadi ampea ngapi, na inamalizaje? Mashine ambayo haiwezi kushuka chini ya ampea 20 itakutobolea bati jembamba. Tafuta inayofika 10 au chini yake. Kisha angalia kama ina kitufe cha kushusha ampea taratibu mwishoni. Ukikata mwali ghafla, kidimbwi cha chuma kinaganda na kuacha kishimo, na katikati ya kishimo mara nyingi kuna ufa mwembamba kama unywele. Angalia pia kama gesi inayokinga ncha na chuma dhidi ya hewa inaendelea kutoka baada ya mwali kuzimika. Sekunde moja kwa kila ampea 10 ni kipimo kizuri. Usiondoe tochi mpaka gesi ikome. Ncha ikipoa ikiwa ya bluu au nyeusi, gesi imekatika mapema.

Sasa alumini. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi juu yake hauyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, na AC, umeme unaobadili mwelekeo, ndiyo inayousafisha. Mashine ya DC peke yake, yenye umeme wa mwelekeo mmoja, inatosha kwa chuma na stenlesi, na bei yake ni ya chini sana kuliko yenye zote mbili. Kama huna kazi ya alumini mbele yako, nunua ya DC, tofauti ya bei iweke kwenye gesi. Nasema hivi kwa uchungu: nimeona watu wakimaliza pesa zote kwenye mashine, ikakaa pembeni kwa kukosa mtungi. Gesi iwe agoni tupu. Ile iliyochanganywa na kaboni dioksidi itaiteketeza ncha. Regyuleta, kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, iwe yenye kipimo cha lita kwa dakika. 7 hadi 10 zinatosha kwa kazi nyingi.

Asilimia iliyoandikwa karibu na ampea isikupite. Ampea 200 kwa asilimia 30 maana yake, ndani ya dakika 10, unachomelea 3 na kuipumzisha 7.

Tochi ya aina ya 17 ni chaguo zuri, vipuri vyake vinapatikana kirahisi. Tangsteni chukua ya lanthanamu, yenye rangi ya dhahabu au bluu mwishoni. Nyekundu ina thoriamu, yenye mionzi, na vumbi lake la kunoa si la kuvuta. Helmeti inayojitia giza yenyewe iwe inaushika mwali wa ampea chache. Nyingine giza lake linakuja na kutoka mwali ukiwa bado unawaka, na macho ndiyo yanayoumia.

Ukienda kununua, beba kipande cha bati la milimita 1. Omba iwashwe kwa ampea ya chini kabisa, tochi ikiwa upande wa hasi, na utazame mwali kupitia kioo: utulie, usirukeruke, kisha ufifie wenyewe swichi ikiachwa.